Ufugaji Nyuki kwa Waoga, Juzuu ya Pili

Inspekta aliyasoma maelezo yale mara tatu, na kila mara hasira zilimpanda zaidi. Alipomaliza alilibamiza faili mezani hadi kikombe cha Koplo kikaruka na chai ikamwagika.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Koplo alikuwa anajua upuuzi ni upi. "Mimi, Afande."

"Mwanamke yuko mahabusu siku ya tatu kwa karatasi moja na nusu?"

"Ushahidi upo, Afande. Yeye ndiye anayesafisha ile nyumba, ufunguo anao. Na shahidi alimwona Jumatatu akitoka na mfuko kwapani."

Kituoni walimwita Inspekta Pilipili, ila nyuma ya mgongo wake, na asubuhi hiyo hata huko nyuma hakuna aliyethubutu. Alikuwa ametoka likizo ya wiki moja. Alikuta mezani kesi ya wizi wa kitabu, mshtakiwa akisubiri kupelekwa mahakamani saa nane mchana, na saa ya ukutani ikionyesha saa tatu na nusu. Hakimu wa siku hiyo hakuwa na mchezo na watumishi wa ndani. Mama wa watu angepelekwa rumande, na rumande ya wanawake ni mahali ambapo faili likishaingia chini ya mengine, mtu huhesabu miezi.

"Kitabu chenyewe kipi?"

Koplo alisoma kwa taabu. "Mwongozo wa Ufugaji Nyuki kwa Waoga. Juzuu ya pili. Kitabu cha mitumba, Afande, kizee. Mimi naona alikiuza kwa wanunuzi wa karatasi chakavu. Nimewazungukia jana kutwa."

"Ukakipata?"

"Bado."

"Ulimuuliza yeye?"

"Aah, Afande, huyo anakana tu."

Inspekta aliinuka na kwenda mahabusu mwenyewe. Mshtakiwa, ambaye mtaani kwao walimwita Mama Pacha, alikuwa amesimama ukutani, mikono ameikunja kifuani. Alipoishusha, Inspekta aliona gauni limelowa mabaka mawili makubwa mbele.

"Wana umri gani?"

"Miezi saba. Wako kwa jirani, wananyweshwa uji." Sauti ya Mama Pacha haikuwa ya kuomba. Ilikuwa imechoka kuomba tangu juzi. "Afande, nikuulize. Mwizi anaiba, halafu anakwenda kumwambia mwenye mali kwamba mali haipo?"

"Nani alimwambia?"

"Mimi! Mzee vitabu vyake vina ratiba. Jumatatu nafuta vumbi rafu ya pili, Jumanne ya tatu. Jumanne nafika katikati ya rafu ya tatu, naona pale si kitabu, ni kifurushi cha gazeti. Nikamwita, nikamwambia Mzee, hapa umeweka gazeti? Akaja, akatazama, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Jioni nikafuatwa na karandinga."

Inspekta aligeuka taratibu. Koplo alikuwa amemfuata hadi mlangoni.

"Kwenye maelezo hakuna gazeti."

"Nilimwambia," alisema Mama Pacha. "Nilimwambia mara mbili. Hakuandika. Na mfuko wa Jumatatu ulikuwa wa nepi za wanangu, hilo nalo hakuandika."

"Ilikuwa takataka tu, Afande," alisema Koplo. "Gazeti limekunjwa na vipande vya boksi."

"Liko wapi?"

Walirudi ofisini, na Koplo akainua kikombe chake. Chini yake, kimelowa chai ukingoni, palikuwa na kifurushi kigumu cha mraba, gazeti lililofungwa juu ya maboksi kwa unadhifu wa mtu anayefunga zawadi. Alikuwa analitumia kuwekea chai kwa siku tatu.

Koplo alitamani ardhi ipasuke.

"Lichukue," alisema Inspekta. "Twende. Na usiligeuze, usilikunje, usilipumulie."

Nyumba ya Mzee Ramani, mwenye kitabu, ilijulikana mtaa mzima. Alikuwa mpima ardhi serikalini hadi alipostaafu, na tangu siku hiyo alipima kitu kimoja tu, nafasi iliyobaki ukutani kwa ajili ya vitabu. Hakuwa na hamu na vitabu ambavyo watu wote wanavyo. Alitaka vile visivyo na ndugu. Katika rafu zake Inspekta alisoma mafunzo ya kupiga chafya kwa adabu, orodha ya milango ya mji fulani na rangi zake, na kitabu kinene cha hesabu ambacho majibu yote ya nyuma yalichapwa makosa.

"Umeshamfungulia mashtaka?" Mzee aliuliza kabla hata ya salamu. Alikuwa mrefu, shati lake limefungwa vifungo hadi kooni. "Mwanamke nimemwamini miaka miwili. Fadhila za punda ni mateke."

"Shikamoo, Mzee. Kwanza nionyeshe pengo."

"Marahaba. Hili hapa."

Rafu ya tatu ilikuwa usawa wa macho. Vitabu vimesimama wima, na katikati pengo jeusi la vidole vitatu. Vile viwili vya kando vilikuwa vimeanza kuegemeana.

"Gazeti lilikuwa hapa?"

"Ndiyo. Yule kijana wako kalichukua, na toka hapo vitabu vyangu vinalala. Kitabu kikilala upande mwezi mmoja tu, mgongo unapinda. Umekwisha!"

Kutoka chumba cha ndani alitokea mpwa wa Mzee, fundi wa simu, bisibisi sikioni kama kalamu. Koplo alimnong'oneza Inspekta kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimwambia mjomba wake kila siku auze karatasi zote apangishe vyumba. Inspekta aliona hilo si la kupuuza.

"Kaka," alimwambia, "hebu nitolee kile chekundu, cha pili kutoka kushoto."

Mpwa alinyoosha mkono, akaingiza kidole juu ya mgongo wa kitabu, akakivuta.

"Mbwa wewe!" Mzee aliruka. "Nimekwambia mara ngapi? Utaking'oa kichwa!"

"Mjomba, ni kitabu tu."

"Kitabu tu! Unasukuma vya kando ndani, unashika kiuno, unatoa. Kiuno!"

Inspekta alivitazama vitabu viwili vilivyopakana na pengo. Vyote viwili vilikuwa vimesukumwa ndani, nyuma ya mstari wa wenzao. Akapitisha kidole juu ya migongo yao. Hapakuwa na mchaniko. Aliyetoa kitabu kile alikishika kiuno, na mpwa hakuwa na adabu hiyo hata mbele ya mjomba wake.

"Mama Pacha hutoaje vitabu?"

"Hatoi! Mtumishi wangu hagusi kitabu. Anafuta ukingo wa rafu na kipangusio cha manyoya, basi."

"Mzee, una rula?"

Swali gani hilo kwa mpima ardhi! Alichomoa rula ya chuma mfukoni mwa shati. Inspekta aliweka kifurushi cha gazeti mezani, upande ule usiolowa chai.

"Kipime. Urefu, upana, unene."

Mzee alipima. Alipima tena. Akaenda kwenye droo, akatoa kadi ya kitabu kilichoibwa, maana kila kitabu nyumbani mle kilikuwa na kadi na vipimo vyake kwa wino mweusi. Akalinganisha. Kisha akakirudisha kifurushi kwenye pengo, nacho kikaingia pale barabara, na vitabu vya kando vikasimama wima tena.

"Milimita kwa milimita," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mtu aliyetengeneza hiki alikitengeneza kwao, akaja nacho tayari. Hakutaka vitabu vyako vilale. Mwizi gani anauonea huruma mgongo wa kitabu cha jirani?" Inspekta alijaribu kusema polepole. Hakuweza. "Na vipimo alivitoa wapi? Kadi ziko kwenye droo, droo ina kufuli. Angepimaje kitabu ambacho kiko kwako?"

"Angehitaji pacha wake," alisema Mzee, kisha akaitazama kadi upya.

"Juzuu ya kwanza iko wapi?"

Mzee alirudisha rula mfukoni.

"Mzee! Kuna mwanamke maziwa yanamwagika kwenye sakafu ya polisi. Juzuu ya kwanza anayo nani?"

"Daktari wa Meno," alisema Mzee. "Rafiki yangu. Miaka arobaini. Tulivinunua siku moja, kwenye lundo moja, yeye kaona cha kwanza, mimi kile cha pili. Miaka kumi na tisa ananiomba nimuuzie, mimi namwomba aniuzie. Ni utani wetu. Anakuja kila Jumapili, tunakunywa chai, mimi napitiwa na usingizi pale kwenye kiti..." Akainua kidole. "Usithubutu. Huyo ni mtu na heshima zake."

"Ndiye shahidi aliyemwona Mama Pacha na mfuko."

"Kwa hiyo alimwona!"

"Alimwona na nepi, Mzee. Mfuko ulikuwa wa nepi."

Inspekta aliomba maji. Mpwa alifungua friza jikoni, na Inspekta akaona, kati ya mifuko ya barafu, kitabu kilichofungwa kwenye nailoni mbili.

"Hiki nacho?"

"Karantini," alisema Mzee kwa uchovu. "Kila kitabu kigeni lazima kilale barafuni siku kumi na nne kabla hakijachanganywa na vingine. Kuna mdudu anatoboa karatasi. Akiingia rafu moja, nyumba nzima imekwenda. Mwaka juzi alinila vitabu sita."

"Nani alikufundisha?"

Mzee alitazama sakafu. "Yeye."

Inspekta alikunywa maji yake yote. Alipoweka bilauri, alimwomba Mzee simu yake, kwa adabu lakini bila kungoja jibu, akamwachia mpwa aishike, Daktari asije akaonywa. Saa ilikuwa tano na robo. Saa tano na dakika hamsini alikuwa na hati ya upekuzi mkononi, na saa sita kamili alikuwa anabisha mlango wa Daktari wa Meno.

Daktari mwenyewe ndiye aliyefungua. Alikuwa mfupi, safi kupita kiasi, vidole vyake vyembamba na vyeupe kwenye kucha. Aliisoma hati yote, akacheka.

"Nilijua mtakuja. Mtu wa kwanza kushukiwa si ni mimi? Ndiyo maana ningekuwa mjinga kukiiba. Karibuni. Pekueni."

Walipekua. Rafu za Daktari zilikuwa na milango ya vioo, na Koplo, aliyekuwa amejifunza adabu ghafla, alisukuma vya kando na kushika kiuno. Juzuu ya kwanza ilikuwepo. Walitazama nyuma ya vitabu, chini ya kitanda, juu ya kabati, ndani ya masanduku ya vifaa vya meno. Hapakuwa na kitu. Saa sita na dakika arobaini Daktari alikaa kwenye kiti chake akapandisha mguu juu ya mguu.

"Yule mwanamke keshakiuza. Watu wa namna ile hawajui thamani ya kitu. Namhurumia, kwa kweli."

Inspekta alihisi damu inampanda hadi masikioni. Mtu huyu alikuwa anamhurumia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ngozi, miguu juu, anamhurumia.

Mke wa Daktari, mwanamke mnene mchangamfu ambaye hakuwa ameambiwa chochote, aliingia na trei. "Poleni na kazi, wanangu. Jua lote hili. Niwaletee maji?"

"Asante, mama," alisema Inspekta, macho yake kwa Daktari. "Nitashukuru. Yawe na barafu."

"Barafu hakuna," alisema Daktari.

Alilisema haraka mno. Mkewe alimgeukia.

"Hakuna vipi, baba watoto? Si friza imejaa?"

"Umeme ulikatika."

"Umeme gani? Jana nimegandisha nyama." Akamgeukia Inspekta, kama mwanamke anayetafuta shahidi wa masaibu yake. "Huyu bwana wiki hii sijui ana nini. Toka Jumapili friza ya sebule ya nyuma kaifunga kufuli. Anasema nisifungue mpaka wiki ijayo. Samaki wangu wamo humo!"

Daktari alishusha mguu wake.

"Ufunguo," alisema Inspekta.

"Inspekta, sikiliza, sisi ni watu wazima..."

"Ufunguo, Daktari, au Koplo atatumia mguu, na huyu akitumia mguu hata samaki watajua."

Kilikuwa chini kabisa, chini ya samaki wa mama wa watu, kimefungwa nailoni tatu na tarehe juu yake kwa mwandiko mzuri kama wa lebo ya dawa. Jumapili kuingia. Jumapili ya tatu kutoka. Ndani ya nailoni, kupitia ukungu wa barafu, lilionekana gamba la kijani na mchoro wa mtu anayekimbia nyuki.

"Siku tatu," alisema Inspekta, na sasa hakujizuia. "Ulijua tunakuja! Umesema mwenyewe ulijua! Ulikuwa na siku tatu nzima za kukitupa, kukichoma, kukirudisha usiku mlangoni mwa rafiki yako. Kwa nini kiko hapa?"

Daktari alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Nyumba ya Mzee ina mdudu. Siku kumi na nne hazijatimia."

"Na Mama Pacha?"

"Nani?"

"Mwanamke uliyemwandikia maelezo! Uliyekwenda kituoni kwa miguu yako, ukaapa umemwona!"

"Nilimwona na mfuko," alisema Daktari. "Sikusema ndani kuna nini."

Mkewe aliweka trei chini. Alimtazama mumewe, akaenda kwenye friza, akaanza kuwatoa samaki wake mmoja mmoja.

Saa saba na nusu kituo kilikuwa kimejaa. Daktari alikuwa kwenye benchi. Mzee Ramani alikuwa ameletwa kutambua mali, naye alikishika kile kifurushi cha barafu kwa mikono miwili. Alikigeuza, akakagua pembe, akakagua mgongo. Kisha, Inspekta akishuhudia kwa macho yake mwenyewe, alikwenda kuketi kando ya rafiki yake.

"Umekifunga nailoni tatu," alisema Mzee.

"Mbili hupitisha unyevu."

"Ungeniambia tu, mwenzangu."

"Nilikuambia miaka kumi na tisa."

Mzee alipangusa macho. Akainuka, akamwendea Inspekta. "Mwanangu, kitabu kimepatikana, salama, hakina hata doa. Huyu ni ndugu yangu. Naifuta kesi. Tuyamalize kiutu uzima, kimya kimya."

"Kimya kimya," alisema Inspekta.

"Ndiyo. Nipe kitabu changu, twende zetu."

"Kitabu ni kielelezo. Kitakaa stoo ya vielelezo."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kesi iishe. Miaka miwili, mitatu. Paa la stoo linavuja upande mmoja. Upande wa pili kuna mchwa."

Wazee wote wawili walipiga kelele kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile Inspekta kusikia kutoka kwao sauti ya uchungu wa kweli, na ikamchefua.

"Lakini nimesema naifuta!"

"Ya wizi futa ukitaka. Hii nyingine huiwezi. Kutoa maelezo ya uongo mtu akafungwa, hapo mlalamikaji si wewe, Mzee." Akageukia korido. "Mleteni."

Mama Pacha aliletwa kaunta. Alipewa kandambili zake, kitambaa chake cha kichwa, na ufunguo wa nyumba ya Mzee. Alivaa kandambili. Mabaka kwenye gauni yalikuwa yamefika kiunoni. Mzee Ramani alimtazama, akakohoa, akatafuta neno, na neno alilolipata, Mungu amsamehe, lilikuwa hili:

"Haya, mama, yamekwisha. Kesho Ijumaa. Rafu ya sita."

Mama Pacha aliuweka ufunguo juu ya kaunta, mbele yake, taratibu, bila kishindo.

"Ya tatu sijaimaliza, Mzee. Vumbi liko pale pale uliponikamatisha."

Inspekta alivuta kiti, akamwashiria aketi. "Mama, najua unataka kukimbia kwa watoto, na gari liko nje linakusubiri. Lakini nikikuachia hivi hivi, hawa wawili jioni hii watakuwa wanakunywa chai. Ukitaka, unaandikisha malalamiko yako sasa. Hutaki, nenda, sitakulaumu."

Mama Pacha aliwatazama wale wazee kwenye benchi, bega kwa bega, macho yao yote manne yakiwa kwenye kile kitabu kilichokuwa kikitoa jasho juu ya meza. Hakuna aliyekuwa anamtazama yeye.

Aliketi. Koplo alivuta karatasi mpya, akafungua kalamu, akangoja kichwa chini.

"Andika haraka, wanangu wana njaa," alisema Mama Pacha. "Na safari hii, baba, uandike na lile gazeti."